Bustani ya nyumbani Mwanza: chunguza mzizi kabla ya kununua dawa

Kwenye maduka ya pembejeo mjini Mwanza mazungumzo huwa mafupi. "Mjomba, nipe dawa ya nyanya." "Zinaumwa nini, mama?" "Zinanyauka tu." Chupa inashushwa kutoka rafuni, hela inatoka, na jioni nyanya zinapigwa sumu ya kuua viwavi wakati ugonjwa uko ardhini. Kesho yake zimenyauka vilevile, na mchicha uliopandwa pembeni hauliki tena mpaka siku za kusubiri zipite.

Mwenye bustani ndogo ana nafasi ambayo mwenye ekari hana. Anaijua miche yake mmoja mmoja, na akiutoa mmoja kafara kwa uchunguzi hapungukiwi sana. Basi ng'oa mmoja kabla ya kutoa hata shilingi. Anza na mizizi, panda kwenye shina karibu na udongo, geuza jani utazame upande wa chini, halafu ndipo utazame jani kwa juu. Wengi wetu tunaanzia juu na kuishia huko huko, ndiyo maana kila jani la njano linaitwa ugonjwa. Kwa ninavyoona, huku kati ya mawe na ziwa matatizo mengi ya mboga yanaanzia kwenye udongo na maji, na wadudu hukuta mmea umeshachoka.

Udongo unaolimia

Vilimani, kama Bugarika, Isamilo, Mabatini na Igogo, udongo ni kichanga kilichotokana na kumomonyoka kwa mawe ya graniti. Wasukuma wanauita luseni. Maji yanapita haraka, mbolea inapita nayo, na madini ya kalisi ni haba. Ukishuka mabondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua. Dalili moja inaweza kuwa na sababu mbili tofauti kwenye udongo huu na ule, kwa hiyo ujue wako ni upi.

Chukua konzi ya udongo, ulowanishe kidogo, uviringishe upate kijiti cha unene wa kalamu. Ukimeguka kabla hujamaliza, ni kichanga: mwagilia kidogo kidogo mara nyingi, na uulishe samadi iliyooza kila msimu. Kijiti kikikunjika mpaka kikawa duara bila kupasuka, ni mfinyanzi: inua matuta angalau urefu wa kiganja na nusu, na umwagilie kwa nafasi. Kwa waliopanda kwenye ndoo, matairi na mifuko ya salfeti, toboa matundu chini, na pia ubavuni, vidole viwili kutoka chini. Matundu ya chini peke yake huziba mfuko unapokaa juu ya sakafu.

Miche inaanguka kitaluni

Asubuhi unakuta miche imelala. Inama, tazama shina pale linapotoka ardhini. Likiwa limekuwa jembamba, la majimaji na rangi ya kahawia, hicho ni kinyausi, ukungu unaopenda kitalu kilichosongamana na kulowana usiku kucha. Punguza miche, mwagilia asubuhi badala ya jioni, ondoa nyasi za juu mara mbegu zinapoota ili hewa ipite. Iliyokwisha kuanguka haiponi.

Shina likiwa limekatwa safi, kama kwa wembe, mkosaji ni sota. Mchana hujificha karibu na alichokikata. Fukua kwa kidole kuzunguka kisiki, kina cha vidole viwili, utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja. Muue, kisha zungushia miche iliyobaki vipande vya chupa za maji zilizokatwa kitako na shingo, uvididimize kidogo ardhini.

Mbegu zisizoota kabisa mara nyingi zimefukiwa mno. Mbegu ya mchicha ni ndogo sana, ichanganye na mchanga, ipande juu juu na uifunike kwa udongo mwepesi tu. Sisimizi nao huzibeba. Ukiona msafara wao, umeshapata jibu. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu haraka kuliko nyingi nyingine, kwa hiyo pakiti ya mwaka juzi isikupotezee muda. Bamia ilowekwe usiku mmoja.

Nyanya inanyauka ikiwa bado kijani

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, basi twende taratibu.

Mwanzo ni saa. Mmea unaolegea saa nane mchana na kusimama tena jioni una shida ya maji au ya mizizi iliyobanwa. Mfuko mweusi ulioegemea jiwe huchemka mchana, na jiwe linaendelea kutoa joto hata jua likizama. Uhamishe mfuko, tandaza majani makavu juu ya udongo, kisha subiri siku mbili. Mmea ambao alfajiri unaukuta bado umelegea, ilhali udongo una unyevu, huo ng'oa.

Suuza mizizi kwenye ndoo ya maji. Ukikuta mizizi imevimba vifundo vifundo, hao ni minyoo fundo. Usichanganye na vifundo vya kunde na maharage: vile vimebandikwa pembeni ya mzizi, vinabanduka kwa kidole na ndani vina wekundu, ni rafiki wanaoulisha mmea naitrojeni. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki. Mizizi ikiwa myeusi na inanuka, imezama kwenye maji. Rudi kwenye matundu na matuta.

Mizizi ikiwa mizima bado, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina cha urefu wa kidole kutoka karibu na ardhi. Jaza maji safi kwenye glasi ya kioo, shikilia kipande hicho kwa uzi au kwa mkono, ncha ya chini iguse maji tu, na usikitikise. Tazama kwenye mwanga wa dirisha. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe, nyembamba, za maziwamaziwa, zikiteremka polepole kutoka kwenye mkato. Ukiuona uzi ule mara moja hutausahau. Kama hakuna kinachotoka, na ndani ya shina kuna mistari ya kahawia, huku majani ya chini yakiwa yalianza kwa unjano, huenda ni mnyauko wa ukungu.

Mnyauko wa bakteria hauna dawa. Yeyote anayekuuzia chupa ya kuuponya anakuuzia maji. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi yake, weka kwenye mfuko, choma au tupa mbali, na usiupeleke kwenye shimo la mboji. Osha jembe na kisu. Kisha hamisha familia nzima kutoka kwenye tuta hilo kwa miaka 3 au zaidi, na hapa wengi wanakosea: wanaondoa nyanya, wanapanda mnavu, ngogwe au bilinganya. Hao wote ni ndugu na nyanya, pamoja na pilipili hoho na viazi mviringo, na ugonjwa unawafuata wote. Weka mahindi, vitunguu, sukuma wiki, mchicha au kunde.

Kwa wanaoishi kwenye mteremko kuna jambo la ziada. Bakteria hawa wanasafiri na maji yanayotiririka. Mvua ikipiga kilimani, maji ya bustani ya jirani wa juu yanapita kwenye yako yakibeba udongo wake. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa bustani, na upange mawe kandokando yake, mawe hatujakosa. Ukiweza, nyanya zako ziweke kwenye mifuko au matuta yaliyonyanyuliwa, zikae mbali na njia ya maji.

Minyoo fundo inavumilika zaidi. Udongo wenye samadi nyingi iliyooza unaibana, na kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho msaada wenu mkubwa: lima tuta lililoathirika, ligeuze mara mbili tatu, liache likauke juani bila mmea wowote, hata magugu. Kama lilikuwa la mfuko mmoja tu, mwaga udongo ule mahali usipolima, ujaze mpya.

Majani ya njano

Unjano ulioanzia majani ya chini, yaliyozeeka, na jani lote likapauka, ni njaa ya naitrojeni. Kwenye luseni hii ni ya kila siku. Inazidi pale mtu anapochanganya pumba za mpunga mbichi au samadi isiyoiva kwenye udongo: vijidudu vinavyoozesha vinaikimbilia naitrojeni kwanza, mmea unapata makombo. Pumba ziweke juu kama matandazo, usizichanganye. Kwa kulisha, mashudu ya pamba yanayouzwa kwa wafugaji ni chakula kizuri cha mboga pia, na huku ukanda wa pamba hatuna sababu ya kuyapuuza. Fukia konzi moja kwenye shimo wiki mbili kabla ya kupanda, yapate kuiva. Ukitaka haraka, kijiko cha chai cha mbolea ya dukani ya CAN kwa mche, kiganja kimoja kutoka shinani, kisha mwagilia. Mbolea ya kuku ya moto usiiweke karibu na shina, inaunguza mizizi na kingo za majani zinakauka.

Majani machanga ya juu yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, chuma hakifiki. Hii utaikuta kwenye mbuga iliyolowa, na kwenye bustani zinazomwagiwa majivu ya jikoni kila siku. Watu wanayapenda majivu kwa sababu ni ya bure. Yanafaa kwa kiasi, lakini yanapandisha magadi ya udongo, na udongo wa magadi unakificha chuma. Acha majivu, punguza maji, ongeza mboji.

Majani machanga ya nyanya yakijikunja kwenda juu, yakawa madogo na mmea ukadumaa, wakulima wanasema umeota rasta. Ni virusi vinavyobebwa na nzi weupe. Tikisa tawi: wakipeperuka vijidudu vyeupe, umewapata. Mmea ulioota rasta ng'oa siku hiyo hiyo, haurudi, na ukiuacha ni chanzo kwa mingine. Kinga iko kitaluni: funika miche kwa neti tangu inapoota hadi kuihamishia bustanini.

Vitone vidogo vya njano vilivyotapakaa, jani likielekea kuwa na rangi ya shaba, vumbi kwa chini na utando mwembamba: utitiri mwekundu. Anapenda ukavu, barabara za vumbi na joto la mawe, kwa hiyo miezi ya Julai na Agosti ndiyo yake. Weka jani juu ya karatasi nyeupe, ligonge. Vitone vikitembea, ndio wao. Puliza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili, na usikimbilie sumu za kuua kila kitu, kwa sababu zinaua kwanza wadudu wanaomla utitiri, naye hurudi kwa wingi zaidi.

Mabaka ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, yakianzia majani ya chini, ni bakajani tangulia, naye ndiye mgeni wa kawaida kwenye joto letu. Bakajani chelewa huja kipindi cha mvua na ubaridi: baka la majimaji linalopanuka haraka, na asubuhi upande wa chini unaona ukungu mweupe pembezoni. Kwa yote mawili ondoa majani ya chini, funga nyanya kwenye miti zisilale, mwagilia udongo na si majani. Dawa za mankozebu zinazuia jani zima lisishikwe. Lililokwisha kuoza haziliponyi.

Nyanya ina kitako cheusi

Tunda linaoza kuanzia chini, doa limedidimia, kavu kama ngozi. Huu si ugonjwa, na dawa ya ukungu haitasaidia kitu. Kalisi haikufika kwenye tunda, na mara nyingi si kwamba udongo hauna kabisa, ila maji yanayoibeba yalikuja kwa vipindi. Bomba likikatika siku tatu, likirudi mtu anamwaga ndoo mbili kufidia. Tunda halielewi fidia. Tunza maji kwenye pipa ili kila mche upate kiasi kilekile kila siku, weka matandazo, na punguza UREA, kwa sababu majani mengi yanayokua haraka yanainyang'anya tunda kalisi. Kwenye kichanga changanya chokaa ya kilimo kiasi kabla ya kupanda. Maganda ya mayai ni mazuri lakini yanachukua miezi kuoza, usiyategemee kwa nyanya iliyokwisha kuzaa. Matunda yaliyoathirika yachume; yanayofuata yatakuwa mazima.

Majani yametoboka

Geuza jani. Kwenye sukuma wiki na chainizi utakuta kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa anajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi: huyo ni wa nondo wa kabichi. Vitundu vidogo vidogo vingi kwenye figiri na chainizi ni vya mbawakavu wanaoruka kama viroboto. Vidukari wa kijivu wamejazana kwenye moyo wa sukuma. Kabla ya kufikiria dawa, waminye kwa vidole na uvune majani yale.

Kwenye nyanya tofautisha michoro miwili. Mstari mwembamba unaozungukazunguka ndani ya jani ni wa kidomozi, hasara yake ni ndogo, minya jani uendelee. Baka pana lililopauka, ndani likionekana kinyesi cheusi, ni la kantangaze, nondo aliyebainika nchini mwaka 2014. Huyu anaingia mpaka kwenye tunda. Chuma kila jani lenye baka, lifunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani. Ukilitupa pembeni, kiwavi anahamia mche mwingine.

Kwa viwavi wadogo na vidukari mwarobaini unatosha bustani ya nyumbani. Twanga mbegu kavu gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili ishike, pulizia jioni hasa upande wa chini wa majani. Jua linaidhoofisha, kwa hiyo rudia baada ya wiki. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unavunwa kila wiki. Dawa ya siku 14 haina nafasi kwenye mchicha.

Kuna siku utaamka ukute majani yamefunikwa na vijidudu laini vinavyofanana na mbu. Hao ni wale wanaoibuka ziwani kwa mawingu makubwa na kuletwa na upepo. Hawali mboga, na wakubwa wao wanakufa baada ya muda mfupi. Suuza majani, usipulizie chochote.

Na yule mjusi wa mawe mwenye kichwa na kifua chekundu, mwili wa buluu, ambaye hata jina lake la kisayansi limechukuliwa Mwanza, Agama mwanzae, mwache atambe juu ya ukuta. Anakula wadudu wako.

Maua mengi, matunda hakuna

Maboga na matango hutanguliza maua dume, yanachanua na kudondoka, ni kawaida. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Kama vitunda navyo vinanyauka, nyuki hawafiki: asubuhi chuma ua dume, vua petali zake, gusisha chavua kwenye ua jike. Nyanya na hoho zinazopukutisha maua zina kiu, kivuli, au UREA nyingi. Karoti yenye miguu miwili imekutana na jiwe au samadi mbichi, chekecha udongo kina cha kiganja na nusu. Kabichi isiyofunga nyumbani mimi naona uiache, eneo lile lile litakupa sukuma wiki kwa miezi mingi.

Alama za meno

Majani yamekatwa usawa wa goti na juu yake, wadudu hawaonekani, na bustani iko karibu na majabali. Tazama mwamba ulio karibu: ukiona michirizi myeupe na lundo la vinyesi mahali pamoja, hapo ni choo cha pimbi. Wanakula zaidi asubuhi na jioni, na wanapanda vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo uzio wa pembeni peke yake hautoshi. Funika tuta kwa wavu mpaka juu, kingo zake zikandamizwe kwa mawe mazito. Mbuzi na kuku huacha mabua yaliyoraruka na udongo uliochakurwa.

Maji na mbolea vya ziwani

Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, na mabaki ya dagaa ni mbolea nzuri, lakini yakifukiwa juu juu mbwa watafukua usiku huo huo na korongo watamaliza asubuhi. Yafukie kina cha mkono hadi kiwiko, au yachanganye katikati ya mboji, na usipande juu yake kabla ya mwezi kupita.

Gugu maji hufanya mboji nzuri likianikwa kwanza likanyauka kabisa. Tatizo ni kwamba linafyonza metali nzito kutoka kwenye maji, kwa hiyo lisichukuliwe karibu na midomo ya mitaro ya mjini na viwandani. Wala usiingie majini kulivuna bila kinga. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu, na vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi.

Hilo linahusu pia maji ya ziwa unayochota kwa ndoo. Yaweke kwenye pipa lenye mfuniko, lisilo na konokono, kwa siku 2 kabla ya kuyashika kwa mikono. Vijidudu vya kichocho vinavyoelea majini vitakuwa vimekufa. Maji ya Mto Mirongo unapopita mjini usiyatumie kwenye mboga za majani wala nyanya, hata siku yanapoonekana maangavu. Kama hayo ndiyo pekee yaliyo karibu nawe, kukinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bati kutakufikisha mbali kuanzia Oktoba hadi Mei, na miezi ya kiangazi punguza idadi ya matuta mpaka yalingane na maji ya bomba unayoyapata.